Mzee Anakula, Kijana Anaimba: Maswali Yenu Kuhusu Muziki wa The Lord of the Rings

Toleo lililopita nilichomekea mstari mmoja tu, kwamba ukizima sauti ya The Lord of the Rings unabaki na watu wanatembea milimani kwa masaa tisa na ushee, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika, kuna walioniunga mkono na kuna walioniambia niache kudharau filamu za watu. Jamani sikudharau, nilikuwa nasifia muziki! Basi leo safu nzima ni ya hiyo kitu.

Kwa asiyezijua, ni filamu tatu, 2001, 2002 na 2003, mwongozaji Peter Jackson, zimepigwa New Zealand kutoka kwenye kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, na muziki ni wa Howard Shore, mtunzi kutoka Kanada. Kuna pete yenye laana, inatakiwa ikatupwe kwenye mlima wa moto ilikofuliwa, na anayeibeba ni kajamaa kafupi ka miguu peku kanaitwa Frodo, wa kabila la Hobbit. Hayo yanatosha kukufanya ufuate mazungumzo.

Habari za kazi kaka. Kuna sehemu kwenye filamu ya tatu mzee mmoja anakula mezani huku kijana anamwimbia, na wakati huohuo askari wa farasi wanaenda vitani. Kila nikiiona nalia na mume wangu ananicheka. Ule wimbo ni wa nani, na kwa nini unauma hivyo wakati hata ala hazisikiki? — Mama wa wawili

Njema dada, na mwambie shemeji akae aangalie tena, safari hii simu aweke mbali, alafu tuone nani atacheka.

Anayeimba ni Pippin, Hobbit mwenzie Frodo, ameigizwa na Billy Boyd, Mskoti, na utamu wenyewe ni kwamba ile melodi kaitunga Boyd mwenyewe, siyo Howard Shore. Maneno ndo yametoka kwa Tolkien, ila hapo kuna ujanja ambao ukiujua utalia mara mbili. Kwenye kitabu yale maneno ni wimbo wa kutembea tu, wa furaha kabisa, Frodo na wenzie wako njiani huko kwao Shire jioni wanajiimbia ili miguu isichoke, na beti la mwisho linasema ukungu na kiza na mawingu vitafifia vyenyewe, maana mbele kuna moto, taa, nyama na mkate, halafu kitanda. Yaani ni wimbo wa mtu anayerudi nyumbani kulala.

Sasa waandishi wa filamu walichofanya ni kukata. Wakachukua ile sehemu ya nyumba iko nyuma na dunia iko mbele, wakachukua ukungu na kivuli, wakaacha moto, wakaacha taa, wakaacha mkate na kitanda, na badala ya kusema kiza kitafifia wakafanya kila kitu kififie. Maneno machache tu yamegeuzwa na wimbo wa kulala umekuwa wimbo wa msiba. Pippin anauimba mbele ya Denethor, mtawala wa Minas Tirith, mji mkuu wa nchi ya Gondor, ambaye dakika chache nyuma amemtuma mwanae Faramir akaukomboe mji uliotekwa, na anajua kabisa yule kijana harudi. Halafu baba mtu anakaa kula! Tena anamwambia mgeni amwimbie kidogo.

Sa angalia ilivyopangwa kwa karibu, na ikiwezekana vaa hedifoni. Unasikia mifupa ya kuku inavunjika. Unasikia kinyanya kinapasuka mdomoni, na maji yake mekundu yanamtiririka kidevuni, hakuna haja ya mtu kukuelezea ni mfano wa nini. Sauti ya Pippin haina mbwembwe, haitetemeki kama ya mtu wa stejini, inaimba kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni, na hapohapo picha inahamia kwa farasi wanakimbia lakini kwato zao zimepunguzwa zisimeze wimbo, adui wanavuta pinde, na chini kabisa vayolini zinaingia polepole mpaka usipotega sikio huzijui kama zipo. Kwa hiyo ala zipo dada, ila zimejificha. Mishale inaachiwa, picha inarudi mezani, Pippin chozi linamtoka na mzee bado anatafuna.

Ndo maana unauma. Shore angeweza kuleta okestra nzima na kwaya ya watu mia pale, farasi, vita, nani angemlaumu? Akaachia sauti moja ya mtu na sauti ya kutafuna. Kwangu mimi hapo ndo kwenye muziki bora wa filamu zote tatu, na nikisema hivyo najua kuna watu watanipigia kelele kuhusu tarumbeta za Gondor.

Kama ule wa Pippin ndo bora basi kwa nini Oscar wakampa Annie Lennox? Upendeleo wa wenye majina ndo umejaa huko. Na yule Enya mbona naye alinyimwa? — Mdau mwenye hasira

Mdau punguza munkari, hapa hamna figisu. Sheria ya Oscar kwenye kipengele cha wimbo halisi inataka maneno na muziki, vyote viwili, viwe vimeandikwa mahsusi kwa ajili ya filamu hiyo. Kitabu chenye yale maneno kilitoka 1954. Melodi ya Boyd ilikuwa mpya sawa, lakini maneno yalikuwa na umri wa karibu miaka 50, hapo tayari hesabu haikai.

Into the West, ule unaoanza majina yanapopita mwisho wa filamu ya tatu, uliandikwa upya wote na watu watatu, Fran Walsh, Howard Shore na Annie Lennox mwenyewe, mwanamama wa Scotland anayeuimba. Walsh ni mwandishi mwenza wa filamu na mwenzi wake Peter Jackson. Na kabla hujaniambia ni wimbo wa biashara ujue ulikotoka. Kulikuwa na kijana New Zealand anaitwa Cameron Duncan, anatengeneza filamu fupi, kipaji haswa, Jackson na Walsh wakamzoea, na alikuwa anaumwa saratani. Alifariki 2003 ana miaka 17. Kuumwa kwake ndo kulimsukuma Walsh kwenye yale maneno ya mtu kuambiwa lala, safari imeisha, meli zinakuja kukuchukua. Kwenye hadithi meli hizo ni za Frodo anayeondoka moja kwa moja, lakini ukishajua ya Duncan huusikii tena kama ulivyokuwa unausikia.

Ikaja usiku wa Oscar wa 2004, The Return of the King, hiyo filamu ya tatu, ikabeba tuzo 11 kwa vipengele 11 ilivyoteuliwa, na humo mbili ni za muziki, ya wimbo huu na ya muziki wa filamu. Shore alishabeba nyingine ya filamu ya kwanza 2002, kwa hiyo anazo tatu. Ile ya katikati, The Two Towers, haikuteuliwa hata kwenye muziki, ukitaka kukasirika kasirikia hapo, mi nitakusindikiza.

Enya, mwimbaji wa Ireland, alifika ukingoni 2002 na wimbo wa filamu ya kwanza. May It Be aliuandika na wenzie wa siku zote, Nicky Ryan na Roma Ryan, wakateuliwa, ila tuzo ikaenda kwa Randy Newman na wimbo wake wa Monsters, Inc. Newman alikuwa ameteuliwa mara 15 kabla ya hapo na zote katoka mikono mitupu, kwa hiyo kumkatalia mara ya 16 kungehitaji roho ngumu kweli.

Naimba besi kwenye kwaya na mwalimu wetu anataka tujaribu vipande vya hizi filamu. Swali langu, yale maneno ni lugha ya kweli au ni la la la zimevalishwa suti? Nisije nikaimba matusi bila kujua. — Besi wa mstari wa nyuma

Hahaha, imba bila wasiwasi. Ni maneno ya kweli kwa maana kwamba yana kamusi na sarufi yake. Tolkien alikuwa profesa wa lugha Oxford, fani yake Kiingereza cha kale, na huyu mzee alianza kutunga lugha kabla ya hadithi, hadithi alizitafuta baadaye ili lugha zake zipate wa kuzizungumza. Kwenye filamu mtaalamu wa lugha Mmarekani, David Salo, alipewa maneno kwa Kiingereza akayageuza, na kila kundi likapewa lugha yake. Wale Elf, watu warefu wenye masikio ya ncha, wanaimbiwa Kisindarin na Kiquenya. Kule Moria, kwenye migodi ya wale wafupi wenye ndevu, kwaya inaimba Kikhuzdul, na zile sauti nzito zilirekodiwa Wellington na kundi la wanaume wakiwemo Wamaori, ukisikiliza utajua kabisa vile vifua siyo vya studio ya London. Nazgul, wale wapanda farasi weusi, kwaya yao inaimba Kiadunaic, lugha ya watu wa kale, na nadhani ni chaguo la akili sana kwa sababu wale viumbe nao walikuwa binadamu kabla pete hazijawala.

Na nina habari njema kwako na kwa mwalimu wako. Kisindarin kwetu sisi ni chepesi kuliko kwa Waingereza! Irabu zinasomwa a e i o u kama tunavyosoma wenyewe, th ni ile ya thamani, dh ni ile ya dhahabu, c daima ni k. Mwingereza anahangaika wiki nzima kuacha kuvuta irabu, wewe unafungua mdomo unasoma. Shida yenu itakuwa pumzi tu, vile vipande vya Moria vinashikilia sauti ya chini muda mrefu mno na mtu wa besi akizoea kuvizia pumzi kwa jirani anaumbuka.

Mwanangu wa miaka 7 anakimbilia chumbani kila ukipigwa ule muziki wa mnara wa mchawi Saruman, hata kama hajaona picha. Kuna nini mle? — Baba yake

Kuna tano. Mwambie ahesabu na wewe. Nyimbo nyingi tulizozoea ukipiga makofi unahesabu nne, unarudi moja, au tatu kama ni waltz, mwili unajua mguu utatua wapi. Muziki wa Isengard, ndo huko kwa Saruman, unahesabika tano. Unafika nne unajiandaa kurudi mwanzo, kumbe kuna pigo moja bado, mguu unabaki hewani, na kabla hujatulia duru nyingine imeanza. Ni kama mashine kubwa yenye jino moja limezidi.

Alafu juu ya hapo weka vyombo vyenyewe: mabamba ya chuma, fuawe ya mhunzi, ngoma za Kijapani za taiko, na piano iliyofunguliwa kifuniko nyuzi zake zikachapwa kwa minyororo (wapiga piano mnaosoma samahanini). Vyombo vizito vya shaba vya kupuliza vinakuja juu yake. Saruman anakata miti na kufua silaha usiku na mchana, kwa hiyo Shore kampa muziki wa karakana. Mtoto yuko sawa kukimbia. Mkishahesabu pamoja mara mbili tatu hofu inapungua, itageuka mchezo, ila jiandae atakuwa anaupiga kwenye sufuria.

Mimi na marafiki tunatengeneza filamu fupi ya fantasia, yenye joka na kila kitu. Muziki nafanya mimi kwenye laptop, sina okestra sina kwaya. Nikisikiliza Shore nakata tamaa. Nianzie wapi, na nitie wimbo wa kuimbwa au niache? — Prodyuza wa chumbani

Kwanza acha kusikiliza okestra, sikiliza filimbi. Kijiji cha Hobbit kimetambulishwa kwa filimbi ndogo ya Kiairishi na vayolini ya kijijini, melodi ambayo mtoto anaweza kuirudia baada ya kuisikia mara moja. Hiyohiyo inakuja inapunguzwa mwendo, inabadilishiwa chombo, na mwisho wa filamu ya kwanza inaimbwa na mvulana kama wimbo kamili, In Dreams. Ni wazo moja linatembea na viatu tofauti. Hilo laptop yako inaliweza.

Pili jifunze ubahili. Mada kuu ya lile kundi la wasafiri tisa, ile ya tarumbeta ambayo kila mtu anaijua, Shore haimwagi mwanzoni. Anaonjesha kipande wakati Frodo na rafiki yake Sam wako wawili, kinaongezeka wanapoongezeka, na inapigwa nzima pale tu kundi linapokamilika kwenye kikao cha Elrond, mkuu wa Elf. Mzee Gandalf, mchawi anayewaongoza, akishaanguka inaanza kukatikakatika tena, kwa sababu kundi lenyewe limekatika. Sasa nyie mnavyofanya, samahani kwa kukusemea, mnaweka ngoma zote sekunde ya tano na joka bado halijatokea. Likija mtampigia nini?

Tatu, tafuta chombo kimoja chenye sura. Watu wa Rohan, wafuga farasi, walipewa vayolini ya Norway inaitwa Hardanger, ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa kuna nyuzi nyingine haziguswi kabisa, zinatetemeka zenyewe zikisikia za juu. Ndo ule mwangwi mwembamba kama upepo kwenye majani makavu. Wewe si lazima uwe na Hardanger, rekodi chochote kilichopo nyumbani chenye sauti yake, weka karibu na maiki, kitakubeba kuliko maktaba ya sauti za okestra ambazo kila prodyuza anazo.

Kuhusu wimbo wa kuimbwa, utie kama umeshaupanda. Nikupe mfano. Kwenye filamu ya tatu, katikati ya mji unaozingirwa, Pippin anamwambia Gandalf hakudhani itaishia hivi, na Gandalf anamweleza kifo kilivyo, mwambao mweupe na nchi ya kijani mbele yake. Chini ya maneno yake kuna melodi tulivu. Hiyo ndo Into the West! Haijaimbwa bado, hujui hata kama umeisikia, kwa hiyo baada ya saa nzima na zaidi Lennox akiianza unahisi unaijua kutoka utotoni. Wimbo unaobandikwa mwisho bila mbegu unafanya watu watafute funguo za gari. Hata ile trilojia iliyofuata ya The Hobbit, ambayo kwa ujumla mi siyo shabiki wake, wimbo wa Misty Mountains wanaoimba wale wafupi wenye ndevu sebuleni kwa Hobbit anaitwa Bilbo ndani ya giza ndo kitu pekee ninachokirudia, na umekaa kwa sababu filamu inaendelea kuutumia baada ya pale.

Nisikilize albamu ipi? Ziko nyingi mpaka kichwa kinauma. — Asiye na muda

Kama huna muda, zile albamu tatu za kawaida zilizotoka pamoja na filamu, moja moja kila filamu, anza na ya 2001. Zile zinazoitwa The Complete Recordings zilitoka kati ya 2005 na 2007 na zina karibu kila noti iliyopigwa, ile ya filamu ya kwanza peke yake inazidi masaa matatu, ni za mgonjwa kama mimi. Ila kitu kimoja, ukipata ya 2003 usiruke mpaka Into the West. Kuna kipande kinaitwa The Steward of Gondor, na humo ndani Pippin anaimba bila kuku, bila nyanya, bila farasi. Mama wa wawili, hiyo shemeji asikilizishwe kwanza.